Mahamri ya Kulala Si Aibu

Desturi yetu watu wa Pwani ya kuzidisha chakula katika Ramadhani siilaumu. Nyumba isiyotarajia mgeni wa kufuturu ina upungufu. Ninachokilaumu ni kile kinachotendeka asubuhi yake: mahamri ya jana, yaliyotiwa sukari na tui kwa bei tunayoijua sote, hutupwa jaani. Na mwenye kuyatupa ni yuleyule aliyeketi darsani akisikiliza jinsi israfu ilivyokatazwa!

Ukiuliza utaambiwa mgeni hapewi kiporo. Haya ni majivuno tu. Wamisri wana pudini yao iitwayo Um Ali, ambayo asili yake ni mikate myembamba mikavu, ikavunjwavunjwa, ikamiminiwa maziwa ya moto yenye sukari, ikatiwa zabibu na lozi, kisha ikaokwa mpaka uso ukapiga wekundu. Wenyewe huihusisha na mke wa Sultani Aybak wa karne ya 13. Hadithi na iwe hadithi. Lakini wageni wa Cairo huandaliwa pudini hiyo hotelini, wala hapana anayenuna.

Mahamri yetu yafaa zaidi, kwani yana iliki tayari. Twaa 10 ya kulala. Ya leo yangali laini. Hayanyonyi vizuri, hugeuka uji. Yararue vipande, uyapange katika sufuria iliyopakwa samli pamoja na zabibu na korosho. Piga mayai 3, uyachanganye na vikombe 2 vya maziwa na kimoja cha tui zito, sukari vijiko 3 tu, na iliki kidogo. Mimina, kisha uache robo saa mahamri yanywe. Moto uwe wa wastani. Ukiwa mkali mayai hukatika, maji yakajitenga. Baada ya nusu saa hivi chomeka kisu katikati, kikitoka kikavu epua.

Asiye na joko asihuzunike. Bibi zetu waliuivisha mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu ya kifuniko, mengi juu na machache chini, na pudini hii hukubali moto uo huo.

Mahamri yaliyoota ukungu siyasemi. Hayo ni ya jaani kweli. Mwenye wageni leo na aanze baada ya alasiri, ili magharibi iwakute pudini ingali vuguvugu.