Staa, Samaki Wako Hawajarogwa: Tafuta Diaba la Karantini!

Wadau, ile klipu ya tangi la samaki imezunguka kweli. Kwa aliyelala: kuna staa mmoja wa mitandaoni, jina kapuni, mtoto wa Rungwe aliyetusua mjini. Kajenga kwao huku Mpuguso, na sebuleni kaweka akwariamu ya maji ya chumvi. Matumbawe, taa za bluu, samaki wa rangi kama wa kwenye katuni. Samaki waliletwa kwa ndege mpaka Songwe, wakapanda gari hadi Tukuyu. Nje migomba na mvua, ndani kipande cha bahari. Kwa hilo nampa tano.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Siku chache tu, samaki wakatoka vidoa vyeupe kama wamenyunyiziwa chumvi ya mezani. Wanajisugua kwenye mawe, wanahema haraka haraka. Staa akaposti kuomba dua. Baada ya siku kama tano vidoa vikapotea, akaposti tena kwa furaha kwamba wamepona. Wiki iliyofuata vidoa vikarudi kwa kishindo, na sasa tangi limebaki na taa tu. Kwenye komenti ndiyo usiseme: mara husuda, mara jicho la mahasidi, na kuna aliyemshauri aite mtu azindike nyumba.

Msimamo wangu ni huu: hakuna aliyemroga. Ugonjwa huo unajulikana, na uliingia kwa mlango wa mbele, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na samaki wageni. Akinunua wengine leo akawamwaga humo humo, atawazika pia.

Kimelea chenyewe kinaitwa Cryptocaryon irritans, jina kilichopewa mwaka 1951. Kile kidoa unachokiona ni mdudu aliyejichimbia chini ya ngozi ya samaki, anakula. Hukaa hapo siku 3 hadi 7, anashiba, anadondoka, kisha anajifunga kwenye kifuko juu ya mchanga au mawe. Humo anagawanyika, na kifuko kimoja kinaweza kutoa watoto zaidi ya 200. Watoto hao wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, wakikosa wanakufa. Baharini wengi wanakosa kwa sababu bahari ni kubwa. Ila kwenye tangi la sebuleni, samaki atakimbilia wapi?

Kwa hiyo siku ile vidoa vilipopotea, samaki hawakuwa wamepona. Wadudu walishuka chini kuzaa. Staa wetu alisherehekea siku ambayo ilibidi awe na wasiwasi kuliko zote.

Na sisi wa Rungwe tusijifanye hili ni jambo la Wazungu. Mzee wa hapa anayejua mifugo akinunua mtamba, hamchanganyi na ng'ombe wake jioni hiyo hiyo. Anamtenga, anamkagua kupe, anamwogesha dawa, maana ndigana ikiingia bandani ni kilio. Huyo mzee hajawahi kuona bahari, lakini angeokoa samaki wale wote. Neno karantini sote tulilijua vizuri mwaka 2020. Kwa nini samaki wa bei mbaya anyimwe?

Sasa tuje kwenye vitendo, kwa sababu najua kuna wanaotamani kuiga. Unahitaji madiaba mawili ya plastiki ambayo hayajawahi kutiwa sabuni, pampu ya hewa, kipasha maji na kipimo cha chumvi. Kipasha maji si mapambo: baridi ya Tukuyu ya mwezi wa sita unaijua, na hawa samaki wamezoea nyuzi 25 hadi 27. Samaki mgeni anaanzia kwenye diaba la kwanza. Kila baada ya siku 3 unamhamishia kwenye diaba safi lenye maji mapya, joto lile lile na chumvi ile ile. Lile la zamani unaliosha na kulianika mpaka likauke kabisa. Unahamisha mara 4. Hesabu yake ni rahisi: mdudu akidondoka, kifuko chake hakiwahi kupasuka kabla samaki hajahama. Hapo hujatumia dawa hata tone.

Kama ugonjwa umeshaingia kwenye tangi kubwa, toa samaki wote, hata anayeonekana mzima, uwatibu pembeni. Tangi liache bila samaki. Kuna vifuko vilivyowahi kukaa hadi siku 72 kabla ya kupasuka, ndiyo maana wafugaji wazoefu husubiri siku 76. Ndiyo, miezi miwili na nusu ya sebule isiyo na samaki wa kuposti. Hapo ndipo mastaa wetu wanaposhindwa.

Yupo pia ndugu yake aliye mbaya zaidi, Amyloodinium, anayeonekana kama vumbi la dhahabu kwenye ngozi. Huyo anaweza kumaliza tangi zima kwa siku chache, na kuhamisha madiaba peke yake hakumtoi. Anahitaji dawa: klorokwini, ile ile ambayo Tanzania iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, au shaba. Shaba wakulima wa kahawa wanaijua kwa jina la mrututu. Ila usichote ya shambani ukakadiria kwa kijiko! Kiwango chake ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, unapima kila siku. Ikipungua mdudu anaishi, ikizidi samaki anakufa. Na usiiweke kamwe kwenye tangi la maonyesho, inaua matumbawe, kamba na konokono. Mshirikishe daktari wa mifugo kwanza.

Vile vya mtandaoni, sijui vitunguu swaumu, sijui pandisha joto, vinakupotezea siku tu. Watu wanaviamini kwa sababu vidoa hupotea vyenyewe, halafu sifa anapewa kitunguu.

Mtu atasema samaki ni wake, hela ni yake, mimi inaniuma nini? Inaniuma kwa sababu yule wa bluu, maarufu kwa filamu ya Finding Dory ya mwaka 2016, kwa kawaida hazaliwi kiwandani. Wengi wao wanavuliwa kwenye miamba ya matumbawe, wakiwemo wa Bahari ya Hindi hii hii yetu. Kila tangi likifa na likajazwa upya kimya kimya ili posti zisikatike, kuna mwamba mahali umepungua. Na mashabiki wanaomuuliza yule wa bluu yuko wapi wanapigwa bloku. Hiyo si sawa. Ukituonyesha tangi likiwa zuri, tuonyeshe na diaba. Klipu moja ya karantini ingeokoa samaki wengi kuliko dua mia za kwenye komenti.

Na kama subira huna, mbona ziwa tunalo? Ukiteremka kuelekea Kyela unakutana na Nyasa, lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine kokote, na dunia nzima inawafuga majumbani kwa rangi zao. Maji yao ni baridi, hayana chumvi. Fuata vibali, nunua kwa anayeruhusiwa, na karantini ni ile ile, maana maji baridi nayo yana vidoa vyake. Kwa kijana wa Mpuguso mwenye hela ya kawaida, hapo ndipo pa kuanzia.

Wewe unaonaje, mdau? Staa anunue samaki wengine wiki hii, au asubiri siku zake 76? Dondosha komenti, na ukija na habari za uchawi, njoo na kipimo cha chumvi mkononi.