NANI ALIYEWAPA RUHUSA YA KUHARAMISHA UNGA NA MAYAI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, leo naandika kwa uchungu na nitasema wazi. Mwenye kukasirika na akasirike, lakini kwanza asome mpaka mwisho.

Wiki iliyopita baba mmoja katika jamaa wa msikiti wetu alinisubiri baada ya swala ya alasiri. Binti yake alikuwa ametimiza miaka saba. Mama wa mtoto alipika keki nyumbani, ile ya sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko: unga, mayai, sukari, majarini na iliki. Akapika na pilau kidogo, akawaita watoto wa majirani na wenzake wa madrasa. Hapakuwa na muziki, hapakuwa na mishumaa, hapakuwa na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Bibi mmoja wa mtaani akaomba dua, watoto wakaitikia amin, wakaanza kula.

Akaingia jirani, dada yetu katika Uislamu, mhudhuriaji mzuri wa darsa. Akamshika mwanawe mkono, akamtoa kipande cha keki mdomoni, akakitupa uani mbele ya mwenye nyumba na watoto wote. Akasema: "Hii ni haramu. Sheikh amesema."

Sheikh huyo ni mimi.

Mama aliyepika keki ile alisilimu miaka michache iliyopita. Siku hiyo mama yake mzazi, ambaye si Mwislamu, alikuwa amekaa pale pale na soda alizowaletea wajukuu. Usiku mtoto akamuuliza baba yake: "Baba, chakula cha mama ni haramu?" Tangu siku hiyo mama huyo hajaonekana darsani. Wenyewe wameniruhusu niyaandike haya bila majina, nami naona nina deni la kuyajibu hadharani, kwa sababu jina langu ndilo lililotumika.

Msimamo wangu kuhusu hii mnayoiita bethdei mnaujua, na sijaubadilisha. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia Allah amewabadilishia kwa siku mbili bora zaidi: Idi ya kuchinja na Idi ya kufuturu. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas (r.a.). Kwa hiyo mimi siwafundishi watu kuifanya siku ya kuzaliwa kuwa idi ya kila mwaka. Kuwasha mishumaa juu ya keki, desturi iliyokuwapo kwa Wajerumani katika karne ya 18, kisha mtoto akafumba macho na kuomba haja yake kimoyomoyo huku anaipuliza, hilo nalikataa. Mtoto wa Kiislamu anamwomba Mola wake, hauombi moshi.

Lakini hapa ndipo mlipopotea. Kukataza desturi ni jambo moja, kuharamisha chakula ni jambo jingine. Mmeyachanganya, kisha mmenibebesha.

Kwanza: asili ya chakula ni halali mpaka ije dalili. Soma Suratul-A'raf aya ya 32, uone Allah anavyowauliza kwa kukemea wale wanaoharamisha mapambo Yake na riziki nzuri alizowatolea waja Wake. Kisha soma Suratun-Nahl aya ya 116, uone anavyowaonya wanaotamka kwa ndimi zao hiki halali na hiki haramu, wakamzulia Allah uongo. Basi niambie, katika sufuria ile haramu ni ipi? Unga? Mayai? Iliki?

Mwingine atasema: "Sheikh, keki imepikwa kwa ajili ya siku isiyo yetu, kwa hiyo imefuata hukumu ya siku." Hoja hii ina sura ya elimu, basi tuipime kwa elimu. Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya, ambaye hakuna mtu atakayemwita mlegevu, ameandika kitabu kizima cha kukataza kujifananisha na makafiri katika sikukuu zao. Ndani ya kitabu hicho hicho ametaja kwamba Ali (r.a.) aliletewa zawadi ya siku ya Nairuzi akaipokea. Na ametaja kwamba mama yetu Aisha (r.a.) aliulizwa kuhusu zawadi za Wamajusi katika sikukuu yao, akasema kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo msile, lakini kuleni katika matunda. Hao ni waabudu moto, na hiyo ni sikukuu ya dini yao! Walichokatazwa ni nyama, kwa sababu machinjo yana hukumu zake. Matunda wakaambiwa wale. Sasa wewe, keki isiyo na nyama, iliyopikwa na mwanamke Mwislamu anayeswali swala tano, ikasomewa dua, umeiharamisha kwa dalili ya nani?

Pili: hata hukumu ya siku yenyewe wanazuoni wa zama zetu hawakuafikiana. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, Allah awarehemu, wameikataza. Darul-Iftaa ya Misri imeijuzisha, maadamu haina maasi, kwa kuwa ni desturi ya watu na si ibada. Mimi naelemea upande wa kuiacha. Lakini suala ambalo wanazuoni wamehitilafiana, mtu wa kawaida hapati ruhusa ya kulifanya upanga wa kukatia heshima ya Mwislamu mwenzake. Hukubali? Usiende. Umealikwa na huna raha? Omba udhuru kwa maneno mazuri, mpeleke mwanao siku nyingine. Njia zipo, na zote hazina matusi.

Tatu: tazama adabu ya Mtume (s.a.w.) mbele ya chakula. Abu Huraira (r.a.) anasimulia katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume hakupata kukitia chakula aibu hata siku moja. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Na katika Muslim, Jabir (r.a.) anasimulia kwamba tonge likianguka tuliokote, tulitoe uchafu na tulile, tusimwachie shetani. Hilo ni tonge lililoanguka lenyewe. Wewe umelitoa kinywani kwa mtoto ukalitupa kwa makusudi, halafu unadhani umeinusuru Sunna?

Najua kuna atakayeniletea hadithi ya Hasan bin Ali (r.a.), alipotia mdomoni tende ya sadaka akiwa mdogo na babu yake akamwamuru aitoe. Ni sahihi. Lakini tende ile ilikuwa imeharamishwa kweli kweli kwa watu wa nyumba ya Mtume, na yeye akamweleza mtoto sababu palepale: sisi hatuli sadaka. Hakumfedhehesha mtoa sadaka. Hadithi hiyo inakuhukumu wewe, haikuteteei.

Nne: fikiri kuhusu yule bibi mwenye soda. Alikuja kuiona nyumba ya Kiislamu ya binti yake. Ameondoka ameona nini? Mtume (s.a.w.) alipowaona Swahaba wamemvamia bedui aliyekojoa msikitini, aliwazuia, akaamuru ndoo ya maji imwagwe, akawakumbusha kwamba wametumwa kurahisisha na si kuleta uzito. Huo ni mkojo, ndani ya msikiti wa Mtume! Sisi tumeshindwa kuvumilia iliki uani.

Sasa nirudi kwangu, maana si haki kuwapiga wengine na kujiacha. Mwaka huu nikiwa juu ya mimbari nilisema "keki za makafiri", na watu wakacheka. Nililitamka neno hilo kwa kutafuta utamu wa hotuba, wala si kwa mizani ya elimu. Keki haina dini. Neno langu likatoka msikitini, likaingia katika makundi ya WhatsApp, likafika kwenye ua wa mtu likiwa jiwe. Naomba msamaha kwa Allah, kisha kwa mama yule na mwanawe. Na nyinyi mliokuwepo siku ile, lifuteni neno hilo kama nilivyolifuta mimi.

Hata hivyo, wazazi, msidhani nimewapa leseni. Wapo wanaokopa ili wanunue keki ya ghorofa tatu, na ada ya madrasa ya mtoto huyo huyo ina miezi minne haijalipwa. Wapo wanaoita watoto wa wenye magari tu, na mtoto yatima wa nyumba ya pili ananusa harufu kwa mbali. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba chakula kibaya ni kile cha walima wanachoalikwa matajiri na kuachwa mafukara. Wapo wanaonunua mapambo ya keki na peremende laini bila kuuliza jelatini imetoka kwa mnyama gani. Hapo ndipo penye swali la halali na haramu, lakini hapo sijamwona mtu akimtoa mwanawe kitu mdomoni! Aliyepika jikoni kwake anajua alichotia. Amechukua tahadhari zaidi yako wewe uliyenunua.

Na kama unataka kumfurahisha mwanao, dini ina nafasi tele. Kama uwezo uliruhusu na aqiqa yake hukuifanya, ulizana na wanazuoni wako. Akihitimu juzuu, mpikie. Akifunga siku yake ya kwanza ya Ramadhani, mpikie. Na ukipika keki siku ya kawaida kwa sababu unampenda tu, mpikie, sema Bismillah, mkatie na jirani.

Neno la mwisho ni kwako, dada yangu uliyetupa kile kipande. Sina shaka ulikusudia kheri, nami ndiye niliyekupa silaha. Lakini kosa limefanyika mbele ya watu, na marekebisho yawe hivyo hivyo. Nenda kwa jirani yako, watoto wakiwepo. Mwombe radhi. Akikupa chakula, kaa ule, mtoto akuone unakula. Swali lake, kama chakula cha mama yake ni haramu, halitajibiwa na andiko langu hili. Litajibiwa na mkono wako kwenye sahani.

Ukienda, nijulishe. Nitafuatana nawe mimi na mke wangu.

Allah atuongoze, atusamehe ya ndimi zetu, na aziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Mfikishie na mwenzako, lakini ukifikisha, fikisha lote. Usikate kipande.