Miguu mirefu, pikipiki fupi

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini ndugu msomaji, ukisimama asubuhi kwenye steji ya bodaboda pale Majengo, mjini Nyeri, utagundua kwamba si kila kijana aliyeketi juu ya pikipiki ameketi juu ya chombo kinachomfaa. Wale wa kimo cha wastani wametulia, mgongo wima, miguu imekaa mahali pake. Kisha yuko yule mmoja mrefu ambaye wenzake hawaishi kumtania kwamba ni twiga aliyepanda mbuzi. Magoti yamepanda hadi karibu na usukani, visigino vimerudi nyuma, na mgongo umejipinda kama upinde.

Watu hucheka. Mama yake hacheki.

"Mwanangu akirudi jioni hashuki kwenye pikipiki, anajing'oa," mama mmoja wa mtaa huo aliniambia. "Nikimuuliza, ananijibu, 'Mama, ni baridi tu.' Sasa ni baridi gani hiyo inayokaa gotini mpaka Januari?"

Swali la mama huyo ndilo lililonifanya niandike safu ya leo. Nyeri ina baridi, hakuna anayebisha, na Julai upepo unaoshuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua humkata mwendeshaji miguu kama wembe. Lakini baridi inasingiziwa mengi. Goti linalouma mwaka mzima linataka kuangaliwa kwa jicho jingine, na aghalabu jibu liko kwenye vile vyuma viwili ambavyo mwendeshaji hukanyagia.

Tukumbuke kwanza pikipiki hizi zilivyotufikia. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc, na tangu hapo barabara zetu zikafurika Boxer, TVS na nyinginezo kutoka India na China. Ni vyombo imara, havinywi petroli nyingi, na vimelisha familia nyingi na kulipa karo za wengi. Lakini kiwanda hakimjui mwanao. Hutengeneza pikipiki moja kwa ajili ya mtu wa kimo cha wastani, kisha humwuzia kila mtu. Baiskeli ya Black Mamba ambayo wazee wetu walibebea maziwa na kabichi ilikuwa na heshima zaidi kwa mtu mrefu, maana kiti chake kilifunguliwa kwa spana kikapandishwa. Kiti cha pikipiki hizi hakipandi. Ni mwili wa mtu unaolazimika kujikunja.

Na mwili haukunjiki bure. Goti likikaa limekunjwa kupita pembe mraba kwa saa nyingi, kile kifupa cha mbele hukandamizwa juu ya mfupa wa paja, na maumivu huanza polepole nyuma yake. Hata mtu anayekaa muda mrefu kwenye kiti finyu cha basi huyajua maumivu hayo. Ongeza nyonga zilizobanwa, mgongo uliojipinda na mitikisiko ya barabara ya changarawe, na utaelewa ni kwa nini kijana wa miaka 24 anashuka akijishika kiuno kama babu yake.

Hatari iliyojificha

Lakini maumivu si jambo baya zaidi. Kijana mrefu akichoka, hutafuta nafuu. Hunyoosha miguu mbele na kuiweka juu ya gadi, ile fremu ya chuma inayokinga injini. Hapo magoti hufunguka, na kwa dakika chache anajihisi kama bwana harusi. Tatizo ni kwamba mguu wake wa kulia sasa uko mbali na breki ya nyuma, na wa kushoto uko mbali na gia.

Tufanye hesabu kidogo, hasa nyinyi wanafunzi. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri mita 11 hivi kila sekunde. Mwendeshaji akihitaji nusu sekunde tu kuurudisha mguu kutoka kwenye gadi hadi kwenye breki, amekwenda zaidi ya mita 5 kabla hata hajaikanyaga. Akihitaji sekunde nzima, amepita karibu urefu wa matatu mbili za abiria 14. Sasa weka mita hizo kwenye mteremko wa kuelekea mto Chania, lami imelowa, na mtoto wa shule anavuka. Ndiyo maana nasema suala la miguu si la starehe peke yake.

Anza na kisichogharimu

Naam, ifanywe nini? Kosa la wengi ni kukimbilia kwa mchomeleaji siku ya kwanza. Anza na mambo ya bure.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa mahali tambarare, mwendeshaji aketi akiwa amevaa viatu vile vile anavyofanyia kazi. Nasisitiza viatu, maana waendeshaji wengi wa Nyeri huvaa gambuti wakati wa mvua, na gambuti la nambari 11 si sawa na raba. Mwenzake atazame kutoka kando. Je, ncha ya kiatu cha kushoto inapita chini ya mkono wa gia bila kulazimishwa? Je, kiatu cha kulia kinakaa juu ya breki bila kisigino kuinuka? Je, usukani ukizungushwa hadi mwisho unagonga goti? Majibu ya maswali hayo matatu yatakuonyesha pa kuanzia.

Mkono wa gia umeshikwa kwenye chuma chenye meno madogo madogo. Weka alama ya rangi mahali ulipokuwa, ili ukikosea urudi. Fungua ile bolti mpaka itoke kabisa, maana katika pikipiki nyingi hupita kwenye mfuo wa chuma hicho na ukiilegeza tu mkono hautatoka. Vuta mkono nje, usogeze jino moja juu au chini, urudishe na ukaze. Jino moja ni tofauti kubwa kuliko unavyodhani. Mwenye kiatu kikubwa kwa kawaida huhitaji mkono upande kidogo. Kama gia ni ile ya kukanyagwa mbele na nyuma, na mguu umebanwa katikati kama mkate ndani ya kibaniko, fundi anaweza kurefusha kipande cha mbele.

Breki ya nyuma nayo hurekebishwa kwa bolti ndogo inayozuia kikanyagio kisipande. Hapa umakini unatakiwa. Ukikibadilisha kimo, rudi kwenye gurudumu la nyuma ukairekebishe nati ya fimbo ya breki, ili kikanyagio kiwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijashika. Ikibana mno, breki hujikwaruza njia nzima, ikapata moto na kumaliza petroli. Ikilegea mno, utakanyaga hewa. Zungusha gurudumu kwa mkono uhakikishe liko huru, kisha tazama kama taa nyekundu ya nyuma inawaka pale unapokanyaga.

Mwisho katika mambo ya bure ni usukani. Ukilegeza bolti zake na kuuinua kidogo mbele, magoti hupata nafasi na mgongo hunyooka. Hakikisha nyaya za klachi na mafuta hazivutwi unapopinda kona, maana waya ukivutwa injini inaweza kunguruma yenyewe.

Kiti kabla ya chuma

Iwapo bado magoti yanalia, nenda kwa fundi wa viti kabla ya kwenda kwa fundi wa chuma. Sponji ngumu ya sentimita 3 ikiongezwa upande wa mwendeshaji huufungua ule mkunjo wa goti, wala haibadilishi chochote cha muundo wa pikipiki. Mtu mrefu hana shida ya kufikisha miguu chini, kwa hiyo kiti kilichopanda hakimtishi. Ila isiwe sponji laini inayobonyea, maana baada ya wiki atakuwa amerudi kule kule.

Hatua ya mwisho ni vyuma vyenyewe vya kukanyagia. Kuvishusha sentimita 3 hivi na kuvisogeza mbele kidogo, pamoja na kile kiti kilichopanda, humpa kijana karibu sentimita 6 za nafasi. Kwa goti, hiyo ni kama kuhama kutoka chumba kimoja hadi nyumba ya vyumba viwili. Lakini kila sentimita ina bei yake. Chuma kilichoshuka hukaribia ardhi, na barabara zetu za vijijini zina mawe na kingo za mitaro. Pia pikipiki ikilala kwenye kona, chuma kigumu kisichojikunja kinaweza kukwama ardhini na kuliinua gurudumu. Anayeshusha sana hupata goti zuri na kona mbaya.

Jua kali wetu ni stadi, lakini mwulize maswali kabla hajawasha mtambo. Fundi mmoja mwenye mvi alinieleza vizuri alipokuwa akimkatalia kijana aliyetaka vyuma vikatwe na kuchomelewa upya haraka haraka.

"Kijana, chuma hiki ndicho unachosimamia ukipita kwenye tuta," alimwambia. "Kikikatika, utaketi wapi?"

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Tutatia bamba nene la chuma na bolti. Siku ukiiuza pikipiki, unafungua, unaondoka na bamba lako."

Huo ndio ushauri wa mtu mzima. Bamba linalofungwa kwa bolti halidhoofishi fremu, na huondolewa. Bolti ziwe ngumu, zile zenye alama 8.8 kichwani, wala si zilizookotwa sakafuni. Iwapo kuchomelea hakuepukiki, waya wa betri ufunguliwe kwanza na tangi la petroli liondolewe kabisa, maana cheche na mvuke wa petroli havijawahi kuwa marafiki. Na ukishasogeza vikanyagio, kumbuka kwamba gia na breki hazikusogea navyo. Rudi mwanzo ukarekebishe upya. Wengi husahau hapo, kisha wakashangaa kwa nini mguu haufiki.

Baada ya kazi yoyote, usichukue abiria. Zunguka kwanza peke yako kwa mwendo wa polepole, funga breki mara kadhaa, pinda kushoto na kulia. Siku ya pili, kaza bolti zote tena.

Pikipiki ya wawili

Kuna nyumba ambazo pikipiki ni moja na waendeshaji ni wawili, mmoja mrefu wa mchana na mmoja mfupi wa jioni. Hao wakubaliane. Rekebisho la mrefu likipita kiasi, mfupi atashindwa kufikisha mguu chini kwenye mteremko akiwa na abiria. Afadhali mrefu avumilie sentimita moja kuliko ndugu yake aanguke.

Nanyi abiria, hasa wanafunzi mnaokimbilia masomo pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, mna lenu. Mwendeshaji mrefu anayejisukuma nyuma kutafuta nafasi humsogeza abiria hadi kwenye karia. Ukiona umeketi juu ya chuma badala ya kiti, mwambie kwa heshima. Na ukiona miguu yake imetundikwa kwenye gadi mkiteremka, mwombe airudishe. Si dharau, ni maisha yenu wawili. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na huyo mmoja ana haki ya kufika.

Wazazi nao wasiyapuuze malalamiko ya magoti kwa kudhani kijana ni mvivu. Pikipiki nyingi zimenunuliwa kwa mkopo, na mkopo haungoji goti lipone. Kijana akiacha kazi kwa maumivu, chombo huchukuliwa na jitihada zote zikapotea. Goti likivimba, au likiuma hata usiku akiwa amelala, hiyo si kazi ya fundi tena, apelekwe hospitalini.

Tumezoea kusema mvumilivu hula mbivu, na ni kweli kwa mambo mengi. Lakini uvumilivu haujawahi kunyoosha goti lililobanwa. Spana nambari 10 na nusu saa ya Jumapili alasiri vinaweza kufanya hivyo. Kabla chai ya leo haijapoa, mtazame kijana wako akiketi juu ya pikipiki yake, umtazame kutoka kando, kisha uniambie kama ni yeye anayeiendesha au ni yeye anayeendeshwa.