Waya wa Shaba si Fyuzi

Fundi Hii-Ndogo nimemkuta Nyamisangura, hapa Tarime, wiki hii. Mnamjua, barua zenu zimejaa visa vyake; kila mtaa una wake.

Noah ya mwalimu mmoja ilikataa kuwaka. Taa zilisahauliwa usiku kucha, betri ikalala. Likaletwa gari la kushtulia, na umati wote ukageuka mafundi: huyu shika waya, yule piga stata. Waya zikafungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Cheche, harufu ya kuungua, dashibodi giza. Hapo simlaumu mtu. Vichwa vya betri vilikuwa vimejaa unga mweupe, alama hazisomeki, na mwalimu alikuwa anawahi kipindi. Bora hata halikuletwa Fuso, maana lile lina volti 24.

Hasira yangu ilianza alipofika fundi. Mita hana. Akachungulia, akasema, "Mwalimu, hii ndogo," akang'oa fyuzi kubwa iliyokatika, ile yenye namba 120, akapachika waya wa shaba aliouchuna kwa meno. Kwa meno! Kisha akatangaza kwamba altaneta imekufa na kontrol boksi imeungua, na bei akaitaja papo hapo.

Fyuzi ile ilikatika ili nyaya zisiungue. Ukiweka shaba nene, shoti ijayo itaunguza nyaya, pengine na gari zima, na kwenye kiti cha nyuma hukaa watoto wa mwalimu.

Zahanati wanakupima malaria kabla ya kukuandikia dawa. Altaneta inahukumiwaje kwa macho? Fungua waya za betri kwanza, kagua fyuzi kubwa, kisha ndogo, weka mpya ya namba ileile. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi gari likiwa limezimwa. Injini ikiunguruma, mita ipande hadi karibu 14. Ikigoma kwenye 12 na kuzidi kushuka, sasa taja altaneta, kwa sababu diodi zake huungua upesi umeme ukigeuzwa. Kontrol boksi hushukiwa mwisho kabisa.

Nilipomwambia mwalimu autoe ule waya, fundi aliniuliza umeme nimesomea wapi. Mafundi wa kweli wapo Tarime hii, wanapima, na huyu anawaharibia riziki.

Mwalimu ameshamlipa kianzio. Akakidai chote, leo hii, na shaba yake amkabidhi mkononi mbele ya wateja wengine.