Barua ya Mfanyakazi Ina Mwenyewe

Sisi tufanyao kazi hospitalini tumefundishwa kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Ni wachache waliofundishwa namna ya kushika barua ya mfanyakazi mwenzao. Mimi naona jambo hili la pili ni kazi ya afya kama lile la kwanza.

Kumbukeni Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, nayo ilionekana kwanza Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 katika hao walikuwa wamekufa. Wagonjwa 171 walikuwa wafanyakazi wa afya.

Sasa fikirini. Muuguzi amepimwa damu. Jibu limetiwa katika bahasha, mwenye pikipiki amelileta kituoni. Karani anaifungua bahasha pamoja na barua nyingine, anasoma, anamwambia rafiki mmoja tu. Kabla ya jua kutua soko zima linajua. Majirani wanamkimbia muuguzi, watoto wake wanachekwa shuleni. Je, muuguzi mwingine akipatwa na homa kesho, atakwenda kupimwa? Hatakwenda. Atajificha, ataendelea kuwagusa wagonjwa, na ugonjwa utaenea. Midomo yetu ndiyo itakayokuwa imeueneza.

Wengine husema, "Siri itatuua, afadhali wote wajue." Sivyo. Wale wenye kazi ya kuwafuata waliokutana na mgonjwa kwa siku 21 ni lazima waambiwe mara moja. Mkuu wa kazi yampasa kujua kwamba mtu huyu asije kazini kwa siku kadhaa. Lakini karani, dereva na mlinzi hawana haja ya kujua jina la ugonjwa. Tena Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya siri ya barua zake. Na wenye virusi vya UKIMWI wanalindwa na sheria ya tarehe 14 Julai 2008.

Basi, na tufanye hivi:

1. Mwenye kutuma atumie bahasha mbili. Ya nje iwe na jina la kituo tu. Ya ndani iwe na jina la mtu na neno SIRI.

2. Karani aandike daftarini tarehe, barua ilikotoka, na jina la mpokeaji. Mpokeaji atie sahihi.

3. Mwenyewe asipokuwapo, barua ifungiwe kabatini, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja.

4. Ukiifungua kwa bahati mbaya, usiendelee kusoma. Ifunge, andika tarehe na jina lako, umwambie mwenyewe.

5. Usiipige picha kwa simu.

6. Karatasi za ugonjwa, za mshahara na za adhabu zisizotakiwa tena zichomwe. Zisionekane sokoni zimefungiwa karanga.

Sindano iliyotumika hatuiachi mezani, maana yaweza kumchoma mtu. Barua iliyoachwa wazi nayo huchoma. Enyi wakuu wa vituo, anzeni juma hili kwa daftari moja na kufuli moja. Mfanyakazi akijua kwamba siri yake imelindwa, atakuja kupimwa mapema, naye atajiokoa mwenyewe na wagonjwa wake pia.