Nyumba Moja, Wenyewe Wawili

Mwanafunzi mpenzi, ukipita Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, utaona nyumba kuukuu katikati ya michikichi. Usiulize tu, "Ni ya nani?" Uliza pia, "Ilikuwa ya nani kabla ya 1972?"

Mwaka huo, baada ya uasi wa Aprili na mauaji makubwa yaliyofuata, watu wengi walikimbilia Tanzania na Zaire. Ardhi yao ikatwaliwa. Nyingine wakagawiwa watu wengine, nao wakaiuza au wakairithisha. Mkataba wa Arusha wa 2000 uliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa mali yake au atalipwa fidia ya haki, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi.

Maoni yangu ni haya: miaka ya uhamishoni haifuti haki ya mwenye ardhi. Lakini aliyenunua kwa nia njema, akalea wanawe pale, hastahili kuondoka mikono mitupu. Dola iliyogawa kisichokuwa chake ndiyo ilipe. Basi, kabla hujamwita mmoja wao mnyang'anyi, soma kwanza historia yote ya kiwanja.