Usiikimbie Hospitali kwa Kuogopa Kutolewa Kizazi



Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mmoja, alifika kwetu akilalamika kutokwa damu kila baada ya kukutana na mumewe. Tulipomshauri apimwe mlango wa kizazi, alisimama akafunga kanga yake. "Sista," akasema, "mkikuta kansa mtanitoa kizazi, na mume wangu atanirudisha kwetu." Akaondoka. Aliporudi ulikuwa umepita zaidi ya mwaka, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea.

Sisi wauguzi tunaikuta hofu hii mara nyingi, Mpanda mjini na vijijini. Tunaielewa. Hata hivyo hatuna budi kusema wazi: hofu ya kupoteza kizazi ndiyo inayowafanya wengi wakipoteze, na uhai pia.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Kwa kawaida haiji ghafla. Huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10. Kwa wenye virusi vya UKIMWI huenda haraka zaidi. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliugua saratani hii, na zaidi ya 6,000 walifariki.

Matibabu hutegemea ugonjwa umefikia wapi:

1. Dalili za awali, kabla haijawa saratani. Muuguzi hupaka dawa iliyo kama siki, na penye hitilafu hugeuka peupe. Pakigandishwa au kuunguzwa kwa joto, mara nyingi mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kizazi chake kipo.

2. Saratani changa, inayoonekana kwa hadubini tu. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha mlango wa kizazi, na mama akaendelea kuzaa.

3. Uvimbe mdogo, chini ya sentimeta 2, usiofika kwenye tezi. Hapa kwa baadhi ya wanawake upo upasuaji uitwao trakelektomi. Hukatwa mlango wa kizazi, na mji wa mimba hubaki. Daktari Daniel Dargent wa Lyon, Ufaransa, aliuanza mwaka 1987, na wanawake wengi duniani wamezaa baada ya kufanyiwa. Huzaa kwa kupasuliwa, na hatari ya mimba kutoka au mtoto kuzaliwa njiti huwa kubwa zaidi.

4. Ukishapita hapo, hubaki kutolewa kizazi au kutibiwa kwa mionzi.

Hatutaki kuwadanganya. Trakelektomi ni kazi ya daktari bingwa, wala haimfai kila mgonjwa. Kutoka kwetu Katavi ni safari ndefu ya rufaa, kwenda Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, ambako saratani hutibiwa. Lakini anayewahi ana nafasi ya kuuliza. Kabla ya kutia sahihi kwenye fomu ya upasuaji, mwulize daktari: "Ugonjwa wangu uko hatua ya ngapi? Je, kizazi changu kinaweza kubaki salama?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Na kama jibu ni kwamba kizazi lazima kitolewe ili mama apone, asihangaike dhamiri. Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba tiba inayohitajika kuponya mwili si kosa, hata kama itazuia uzazi, maadamu hilo silo linalokusudiwa.

Akina baba, mke si kizazi tu. Mliahidi mbele ya altare kuwa pamoja katika afya na ugonjwa. Mama wakwe, msimtishe binti kwa maneno ya "mgumba". Familia iliyouza magunia ya mpunga kwa ajili ya harusi haiwezi kushindwa kuuza gunia kwa nauli ya Mwanza.

Mwenye umri wa miaka 30 hadi 50 aende kupimwa hata kama haumwi chochote. Mwenye virusi vya UKIMWI asisubiri umri huo. Anayetokwa damu isiyo ya kawaida, au uchafu wenye harufu mbaya, aende mara moja, awe na umri wowote. Nao mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe kuchanjwa. Tangu mwaka 2024 dozi moja inatosha.

Yule mama kijana angekubali kupimwa siku ile, huenda leo tungekuwa tunampima mimba. Msiache binti mwingine afunge kanga yake na kuondoka.